Neno Lile Lilikuwa Langu, Dokta

Temeke, Jumapili, nimetoka misa

Dokta Murtaza,

Leo sikupi shikamoo. Miaka tisa nilikuamkia kila asubuhi, hata zile asubuhi ulizokuwa umezamisha kichwa kwenye lile kabati la kuvuta moshi wa dawa na husikii la mtu, na leo nimeamua kukunyima. Ungekuwa hai ungeniuliza, "Fundi, nimekukosea nini?" Umenikosea sana. Nimejua tangu arubaini yako, na kwa kuwa siwezi kuja makaburini Kinondoni kukugombeza uso kwa uso, nakuandikia. Kaa usikilize.

Nianze na habari, maana baba yangu alitulea hivyo, hata ugomvi unatanguliwa na habari. Chumba chako pale maabara ya Mikocheni kimefanywa stoo ya sabuni. Miche ya sabuni za kufulia imepangwa juu ya ile meza uliyokuwa hutaki mtu aweke hata kikombe cha chai. Mtungi wa naitrojeni umesukumwa hadi mlangoni, kazi yake sasa ni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mzee Chande wa stoo yupo, soga zake zipo, ila jino la mbele limemtoka. Dada yako Shirin hajambo. Kaka zenu wanamwandikia kutoka Kanada kwamba amebaki na nini tena Dar, aende, naye anawajibu kwamba yeye na baridi hawajuani. Mimi nimeondolewa kwenye taa ya kupulizia vioo na kurudishwa kuosha chupa. Hilo nitalifikia, usiniharakishe.

Siku uliyozikwa sikukuzika. Ulianguka asubuhi ya Jumanne ukifunga kamba za viatu, presha, na kwa kuwa kwenu hamlazi maiti, alasiri walikuwa wameshakubeba. Nilifika mbio na viatu mkononi, nikaambiwa wanawake hawaendi makaburini. Nikakaa jamvini na dada yako na shangazi zenu. Wao wakisoma yao, mimi Mmakonde wa Newala na rozari yangu nimeificha chini ya kanga. Hawakunifukuza, walinipa na chai. Lakini sikutupa hata konzi moja ya udongo, na siku moja kabla, Jumatatu ile, ulikuwa umeniambia, "Fundi, kesho nikumbushe, nina jambo la kukwambia." Kesho! Miaka mitatu ulikuwa nalo moyoni, ukalingojea Jumanne.

Nakukumbusha tulivyoanza, kwa sababu nadhani hapo ndipo ulipoanza kunifanya mtoto. Nilikuwa mfagizi. Nilikuwa na darasa la nane la misheni, fagio na ndoo. Yule Mzungu mpuliza vioo alikuwa amemaliza mkataba wake na kuondoka, taa yake ya gesi imebaki mezani haina mwenyewe. Saa ya chakula ulinikuta nimeiwasha, nimeshika vipande viwili vya mrija uliovunjika, naviunga. Nikajua kazi nimekosa. Wewe ukangoja upoe, ukauziba upande mmoja kwa kidole, ukapuliza upande wa pili, ukasikiliza kama unavuja. Haukuvuja. Ukaniuliza, "Binti, wewe mtu wa wapi?" Nikasema Newala, ila baba anachonga vinyago hapa Temeke. Ukacheka. "Mie wa Lindi," ukasema, "duka la baba lilikuwa pale sokoni. Haya, watu wa kusini tumepata fundi." Tangu siku ile hukuniita Skolastika wala Skola. Uliniita Fundi mbele ya Ndugu Meneja, mbele ya wageni, mbele ya Mzee Chande aliyekuwa akiguna kila akilisikia. Nilikuwa nikifika nyumbani namwambia baba, leo tena ameniita Fundi, na baba anacheka na patasi yake mkononi.

Ulinieleza kazi yako kwa chapati. Atomu tano za kaboni zimeshikana mikono zikawa pete. Pete moja juu, pete moja chini, na katikati metali. Wenye lugha yao wanaita sandwichi, ulisema, "lakini sie tuseme chapati mbili na nyama katikati, Fundi, tuelewane." Hizo zilikuwa zimeshajulikana miaka mingi. Uliyoitaka wewe ilikuwa na pete tatu na metali mbili, za nikeli: chapati, nyama, chapati, nyama, chapati. Wenzako walisema kitu hicho hakiwezi kusimama. Ukaniambia nikutengenezee vioo, tuone kama hakisimami.

Na ilikuwa kazi, si maneno. Yale mafuta tuliyoanzia, ya kutolea pete, yalinuka kama kafuri, mpaka mwenye nyumba wetu akaniuliza ninaosha maiti wa nani kila siku. Uliyachemsha polepole yavunjike, yadondoke kwenye chupa iliyofukiwa ndani ya barafu, na barafu hatukuwa nayo. Nilikwenda kuiomba kwa wauza samaki, nikarudi nayo ina magamba. Halafu yale mafuta hayangoji. Ukiyaacha mpaka kesho, unakuta yameshajiunga tena mawili mawili, unaanza upya. Siku ya barafu ilikuwa siku isiyo na chai wala gumzo.

Kwanza zilikuja fuwele za kijani, zile za pete mbili na nikeli moja. Ulizipasha moto kidogo ndani ya mrija wangu tulioutoa hewa, nazo zikapanda zenyewe kwa mvuke na kuganda juu kwenye kioo, sindano nyembamba za kijani kilichokolea. Nililia. Ukajifanya unatafuta miwani, na miwani ulikuwa umeivaa. Fuwele zile zikiguswa na hewa zinaharibika, kwa hiyo kila kitu kilifanyika ndani ya vioo nilivyopuliza mimi, vyenye koki huku na huku, naitrojeni inaingia, hewa inatolewa. Pumzi yangu ikikosea, pakabaki kitundu kisichoonekana, kazi ya wiki mbili inageuka tope. Pumzi yangu haikukosea. Nataka ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Kisha ukazidondoshea asidi, tone kwa tone, umebana pumzi, na chini ya chupa zikaanza kuonekana nyingine, za kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Tukazisuuza kwa etha mwezi wa Februari, Dar hii, joto linakaanga, etha inachemka kiganjani kabla hujaimimina. Mara tatu tuliziyeyusha na kuzigandisha upya, na mara zote tatu zikarudi zilezile. Ukazipeleka kwenye ile mizani ya sumaku. Za kijani tulishazipima, huvutwa. Hizi hazikuvutwa hata kidogo. Ukanigeukia, jasho linakutiririka mpaka kwenye kola, ukasema, "Unaona, Fundi? Kijani kingekuwa kimebaki humu, sumaku ingesema. Hiki ni kitu kimoja." Nikazifungia kwenye vichupa vitatu, nikaviziba shingo kwa moto vikiwa na naitrojeni ndani. Hiki ni kitu kimoja. Ulinitamkia mwenyewe, Dokta, na nikakusikia vizuri.

Sasa tuje kwenye neno.

Lilipotoka agizo kwamba ripoti zote ziandikwe kwa Kiswahili, wenzako kadhaa walinuna. Wewe ulifurahi, ukasema marehemu mama yako angekuwepo angejua hatimaye mwanawe anafanya kazi gani. Ukaniita nikae mezani, nishike kalamu. "Wewe ndiye uliyekisoma Kiswahili darasani," ulisema, "mie nimekiokota dukani." Ukaanza kunisomea: tumefanikiwa kutengeneza kampaundi mpya. Nikaweka kalamu chini nikacheka. Kampaundi, Dokta? Kampaundi ni ule ua wa nyuma tunakoanika vitambaa, kamati ya maabara itadhani tumejenga ukuta. Nikakwambia andika mchanganyiko, ndivyo tulivyofundishwa shule. Ukakuna kidevu. "Mchanganyiko si kama mchele na mawe? Wa kuchambua kwenye ungo?" Nami nikakujibu maneno ambayo siku hizi nayasikia hata nikiwa nimepiga magoti kanisani. Nilisema, "Dokta, Kiswahili niachie mimi."

Ukaniachia. Nimelihesabu juzi, mchanganyiko limo mara kumi na moja katika kurasa nne, kwa ule mwandiko wangu wa misheni niliokuwa najivunia. Wewe uliyekuwa unabishana na Meneja, na mpeleka gesi, na vitabu vyenyewe, kwa nini siku ile moja hukubishana na mimi? Ulikuwa unajua tofauti. Mimi pia nilikuwa naijua. Nilidhani neno moja linatosha kubeba vitu viwili, kilichoungana kikawa kimoja na kilichochanganywa tu, kwa sababu darasani kwetu lilivibeba.

Katibu wa kamati akaitafsiri ripoti kwa Kiingereza na kuituma kwa yule mtaalamu wa ng'ambo aliyekuwa ameahidi kuzipiga fuwele zetu picha ya eksirei, ionekane kila atomu imekaa wapi. Kila penye mchanganyiko, akaandika neno la Kiingereza la vitu viwili vilivyotiwa chombo kimoja. Simlaumu, ndivyo nilivyoandika. Mtaalamu akajibu kwa adabu kwamba picha ya mchanganyiko haipigiki, tuutenganishe kwanza, kisha tumwandikie. Tuutenganishe! Kitu kimoja, tukitenganishe na nini?

Kamati ikakuita. Nilikaa kwenye benchi la nje na karatasi za mizani ya sumaku mapajani, nimezipanga, nikijua wakati wowote mlango utafunguliwa na utaniita niingie. Hukuniita. Ulitoka baada ya saa nzima, ukasema, "Wamesema tungoje." Wiki iliyofuata kazi ikasimamishwa, ukapewa sabuni na dawa za kung'arishia sakafu, uzipime kama zinalifaa taifa. Mzee Chande, ambaye Mungu alimzidishia ulimi, akakupa jina: Dokta Mchanganyiko. Halikumtosha. Baada ya mwezi ukawa Dokta Aliyechanganyikiwa. Ukipita stoo kuchukua vitambaa watu wanainamisha vichwa na mabega yanatikisika, nawe unawasalimia wote, mmoja mmoja, habari za nyumbani, habari za watoto.

Mimi sikucheka. Nilifanya baya kuliko kucheka, nilikudharau. Niliona una vichupa, una karatasi za sumaku, una ukweli wote mfukoni, na umekaa unapima povu la sabuni. Siku moja tukiwa wawili tu nilikutolea: "Dokta, wewe mwoga." Ukavua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati. "Labda," ukasema. Halafu ukaniuliza kama ule mrija wa kona nimeshaumaliza. Tangu siku hiyo shikamoo zangu zilikuwa za mdomoni tu, na najua ulijua.

Ndivyo tulivyoishi miaka mitatu. Halafu ukafa.

Siku ya arubaini Shirin alinishika mkono akaniingiza chumbani kwako, akanipa boksi la viatu. "Haya ya kazini, mie siyaelewi, chukua mwenyewe," akasema, akaenda kuangalia chakula cha wageni. Nilikaa kitandani kwako nikalifungua. Kulikuwa na kalamu zilizokauka, picha ya duka la Lindi, na nakala ya muhtasari wa kikao kile cha kamati. Nimeusoma mara nyingi tangu hapo, kwa hiyo usidhani nimeelewa vibaya. Imeandikwa kwamba uliwaeleza tofauti, ukaeleza na sumaku. Imeandikwa Ndugu Meneja aliuliza, kama ni hivyo, neno mchanganyiko limeandikwa na nani, Dokta au yule mfagizi asiye na cheti anayeshikishwa kazi za kitaalamu. Imeandikwa kamati ilikuwa tayari kupeleka ripoti mpya, kwa sharti kwamba aliyekosea aondolewe kazini. Na chini yake limeandikwa jibu lako, mstari mmoja: "Kila neno ni langu, na sina la kubadilisha." Basi, kwa kuwa hapakuwa na kosa wala wa kuondolewa, wakaandika kwamba Dokta mwenyewe amethibitisha ni mchanganyiko, na kazi isimame.

Shirin aliporudi alinikuta nimekunja ngumi. Alidhani nina majonzi. Nilikuwa na hasira, Dokta, hasira ya kutaka kuvunja kitu, na chumba chako hakikuwa na kitu cha kuvunja ila birika.

Nani alikutuma? Nani alikuomba? Miaka yote ile unaniita Fundi, kumbe siku ilipofika ya mimi kuwa fundi ukaniona mfagizi wa kuhurumiwa. Fundi anabeba kosa lake. Baba yangu akipasua kinyago hasemi mpingo ulikuwa mbaya, anasema nimekipasua. Ningeondolewa, ningeondoka. Ningebaki Temeke kupaka vinyago vya baba dawa ya viatu ving'ae, na fuwele zako zingepigwa picha mwaka uleule, na jina lako lingekaa panapostahili, na Mzee Chande angetafuta mtu mwingine wa kumchezea. Ulibadilisha kazi ya maisha yako kwa mshahara wa mtu aliyekuwa anakuita mwoga, ukakubali na kuitwa hivyo, ukauliza habari za mrija wa kona!

Au pengine nisingesema kitu. Hili ndilo linaloniunguza zaidi. Mama alikuwa anaumwa mwaka ule, nilikuwa peke yangu mwenye ajira. Pengine ningekaa kwenye benchi lile nikanyamaza, nikakuacha uzame, nikaenda nyumbani na kazi yangu. Sijui. Wala sitajua, kwa sababu hukufungua mlango uniulize. Ulijichukulia wewe wema wote, mimi ukanibakishia dharau ya miaka mitatu niliyomtendea mtu asiyestahili, na sasa siwezi kukuomba radhi kwa sababu umekwenda kujifia ukifunga viatu. Huo si wema, Dokta. Umenidhulumu.

Basi nikafanya lililobaki. Nilikwenda kwa Ndugu Meneja na muhtasari mkononi, nikamwambia neno lile ni langu, nataka iandikwe ripoti mpya. Akausoma, akaukunja, akanirudishia. "Marehemu kashapumzika, Skola," akasema, "sasa wewe unamfufua ili iweje?" Nikamwambia mwenye kupumzika ni yule aliyesemwa kwa haki. Akaniambia nirudi kazini.

Sikumwomba tena. Vichupa vilibaki viwili, kile cha tatu tulikimaliza kwenye vipimo. Nilivikagua kwa lenzi, shingo zote mbili zilikuwa nzima, fuwele zina rangi yake ileile. Niliandika upya kurasa nne, safari hii kampaundi, kampaundi, kampaundi, na atakayedhani ni ukuta wa uani na adhani. Shirin akazitia Kiingereza, usiku—la, nasema uongo, ilikuwa mchana wa Idi, wageni wameshaondoka, bado ana hina mbichi mkononi na anaishika kalamu kwa ncha za vidole. Mpwa wenu mmoja alikuwa anasafiri kwenda kusoma ng'ambo, akakubali kuvibeba vichupa ndani ya soksi. Nilimtisha kwamba akivivunja nitamfuata huko huko.

Jibu lilikuja mwezi uliopita. Nikeli mbili, pete tatu. Moja juu, moja chini, na moja katikati inayoshikwa na nikeli zote mbili. Picha imechorwa kwa wino, safi, naweza kuhesabu kila kaboni. Ulikuwa sahihi, Dokta. Hakuna kilichochanganyika humo. Mtaalamu ameandika kwa heshima sana, na mwishoni, kwa heshima ileile, amesema anasikitika kutuarifu kwamba katika miaka hii wengine wamekwisha kuitengeneza na kuitangaza, kwa hiyo yetu si ya kwanza tena. Ilikuwa ya kwanza ulipokaa mbele ya kamati. Sijui kama unataka nikwambie hivyo, lakini wewe hukuniuliza ninachotaka, nami sikuulizi.

Mkutano wa wafanyakazi wa mwezi ulipofika kwenye mengineyo, nilisimama. Nilisoma jibu lote, nikaonyesha mchoro, ukapita mkono kwa mkono mpaka kwa madereva. Kisha nikasema: neno mchanganyiko liliandikwa na mimi, Dokta alinionya, nikamwambia aniachie. Alijua ni langu, akawaambia kamati ni lake ili nisifukuzwe. Mzee Chande akaitazama ile karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Sie tulimcheka bure, basi," akasema, akakaa. Hakusema lingine mpaka mkutano umekwisha, na kwa Chande hilo ni jambo kubwa.

Siku ya pili nikaondolewa kwenye taa, na juzi Ijumaa nimepewa barua ya onyo kali. Natakiwa niisaini nibaki kazini, na nisiposaini niwe nimejiachisha mwenyewe. Imepigwa chapa vizuri, haina kosa la herufi. Inasema nimetoa nje ya nchi, bila kibali, mali ya maabara, ambayo ni vichupa viwili vya mchanganyiko.

Unasikia? Mchoro wameuona wote. Jibu nimewasomea. Na bado wameandika neno lile, na wanataka jina langu liwe chini yake, kama lilivyokaa la kwako.

La kutoa vichupa bila kibali nimelifanya, ninalikubali, adhabu yake ni halali yangu. Lakini kesho saa mbili asubuhi naingia kwa Ndugu Meneja na kalamu nyekundu. Nitalikata neno lile mbele ya macho yake, niandike juu yake kampaundi, ndipo nisaini. Akikataa barua iliyokatwa, sisaini nyingine. Baba nimeshamwambia. Alisogeza gogo alilokuwa analichonga, ili nipate nafasi ya kukaa karibu naye.

Nakuaga sasa, Dokta. Lala salama kwa dini yako, nami nitakuombea kwa yangu. Ninakuahidi kwamba popote nitakapokuwa, iwe kwenye taa, kwenye chupa chafu au kwenye vinyago vya baba, atakayesema umechanganyikiwa atanijibu mimi. Na kusamehe nitakusamehe, ila si leo, leo bado nina hasira na kesho nina kazi nayo.

Huko uliko uniombee dua ukitaka. Lakini nikishaingia mlango ule kesho, tafadhali, usinitetee.

Skolastika,
fundi wa vioo